Shangazi Nukta na Rekodi ya Kwanza

Ijumaa, tarehe 28 Juni. Asubuhi ya manyunyu na upepo wa baridi. Leo, baada ya miaka ishirini na sita kazini, mhariri wetu wa video za mafunzo anastaafu.

Aliingia kama mpiga chapa. Kitengo kilipoanza kurekodi skrini za kompyuta ili kufundisha watu programu mpya, alijitolea kujifunza kuhariri wakati wengine tukiogopa hata kugusa kipanya. Sheria yake ya kwanza ilihusu chai: kompyuta inaporenda, yaani inapotengeneza video ya mwisho, birika la umeme halichomekwi. Liliwahi kutukatia umeme zikiwa zimebaki dakika mbili. Mumewe, fundi saa, anadai kwamba hata nyumbani hunywa chai kwa ruhusa.

Miaka minane iliyopita, hospitali moja ilituomba video ya kuwafundisha wauguzi wapya kuingiza dozi kwenye kompyuta. Ilirudishwa mara tano kwa masahihisho, na kila mara tulihariri ile iliyokwisha kurendwa, tukairenda tena. Ni sawa na kutoa fotokopi ya fotokopi. Tena tukaipunguza ukubwa ili itumwe haraka. Siku ya kuikabidhi, mhariri wetu aliifungua kwenye simu, akasoma dozi ya mtoto: miligramu ishirini na tano. Kwenye rekodi ya kwanza ilikuwa mbili nukta tano. Nukta ilikuwa imefifia ikapotea.

Mkuu wa kitengo alisema muda umekwisha, na wauguzi dozi wanazijua.

“Anayejua hahitaji video yetu, Mkuu,” alimjibu taratibu. “Tunamfanyia kazi asiyejua.”

Mkuu akamwonya kwamba ucheleweshaji huo utaingia kwenye faili lake. Naye akasema uingie tu.

Alirudi kwenye rekodi ya kwanza, akafanya masahihisho yote matano upya, kisha akarenda mara moja tu, kwa ukubwa uleule wa skrini iliyorekodiwa. Faili likawa zito mara tatu, lakini kila nukta ilikaa mahali pake. Hospitali iliipata Jumatatu, na barua ya onyo ikafika Jumanne. Aliisaini, akaendelea na kazi. Mwezi uliofuata, baada ya kuitazama video mwenyewe kwenye simu, Mkuu aliiondoa barua ile, na ndiye aliyembandika jina la Shangazi Nukta. Wauguzi wanaitumia video hiyo hadi leo.

Wiki hii tumerenda somo jipya bila mkono wake. Alituuliza jambo moja tu: rekodi ya kwanza imehifadhiwa wapi? Tulipomwonyesha, hakuomba kuitazama video. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani saa tisa na nusu, mapema kuliko siku yoyote tunayoikumbuka.

Shangazi, ahsante kwa kutufundisha, na zaidi kwa kutuamini. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya tele, na siku ndefu zisizo na haraka.