Kufuli la Tatu Limegoma

MWANVUA: Haloo! Usinikatie tena, hatujamalizana!

DAMARI: Ni nani?

MWANVUA: Eti nani! Mwanvua, jirani yako wa ng'ambo ya uzio. Kikoba kizima kiko sebuleni kwangu, sanduku katikati. Makufuli mawili tumefungua. La tatu linakusubiri wewe na ufunguo wako.

DAMARI: Lisubiri. Pesa zetu haziendi benki.

MWANVUA: Si tulipiga kura—

DAMARI: Kabla sijajua historia!

MWANVUA: Ipi tena, mama?

DAMARI: Ya benki kuu. Nimeisikiliza wiki nzima kwenye simu ya mwanangu Peniel. Mfalme wa Uingereza alikuwa vitani na Wafaransa, mfukoni hana kitu. Matajiri wakamkopesha, akawaruhusu kufungua benki na kutoa noti. Noti juu ya deni!

MWANVUA: Maskini. Na huku mtaani kwetu Utemini kafika lini? Mbona hakubisha hodi?

DAMARI: Cheka tu. Noti ilikuwa ahadi: ilete, upewe dhahabu. Baadaye ahadi wakaifuta, noti wakatuachia. Hata shilingi ya kabla ya uhuru, bodi yake ilikaa London. London, Mwanvua! Alizeti yetu wanaijulia wapi?

MWANVUA: Profesa, wali unapoa.

DAMARI: Wanachapa, bei zinapanda, wewe unaambiwa funga mkanda.

MWANVUA: Na hizi za sandukuni kachapa nani? Theresia, mweka hazina wetu?

[Mtandao unakwaruza.]

MWANVUA: Haloo? Umepotea—

DAMARI: Nipo. Benki kuna dirisha na kijana anasema "anayefuata". Habari za nyumbani haulizi. Na mimi hawanihitaji.

MWANVUA: Ufunguo wako, unataka kusema.

DAMARI: Ndivyo nilivyosema.

MWANVUA: Sivyo.

DAMARI: Mtandao mbovu huu.



MWANVUA: Tangu marehemu mumeo aondoke, ile nyumba imekuwa kubwa, eh?

DAMARI: Tunaongelea benki kuu!

MWANVUA: Haya, benki kuu. Ila jua mwenzetu Yustina kapanga zamu za kupika mpaka Desemba. Jumamosi ijayo tunakuja kwako.

DAMARI: Kufanya nini? Sanduku si litakuwa halipo—

MWANVUA: Kwani sanduku ndilo linalokula?

DAMARI: ...Wote mnakuja?

MWANVUA: Na watoto. Utajuta. Lakini mbona sauti yako naisikia mara mbili? Damari! Uko mlangoni kwangu?

DAMARI: Napita tu.

MWANVUA: Unapitaje uani kwa watu? Kata simu, salio langu lina— ingia ule, paja la kuku nimekufichia!