Ubeti Uliomezwa na Mvua

Basi dogo la kwenda Naryn lilikuwa halijaanza hata kupanda mlima, na Duulat alishaacha kujifanya amelala. Kwenye kiti cha mbele yake, mwanamke aliyelowa chapachapa alikuwa amemgeukia fundi wa sauti wa redio. Wote walitoka kwenye mashindano ya malenga.

"Kumbe ni wewe uliyemzimia mdogo wangu kipaza sauti!"

"Dada, radi ilikuwa inapiga, na yeye kashika chuma mkononi. Ulitaka maiti?"

Duulat akaona fundi anasema kweli.

"Waziri alipokohoa mlitangaza hadi kikohozi! Mama yetu hainuki kitandani. Kasikiliza redio tangu asubuhi, akingoja mwanawe amtaje. Eldiyar kuanza tu ubeti wa mama, kimya."

"Si amwimbie nyumbani?"

"Amwimbie nini? Ubeti wa mashindano hutungwa palepale. Mwenyewe hakumbuki hata neno."

"Pole, dada. Lakini ningezima tena."

"Zima utakavyo. Ila yeye hakunyamaza, aliimba hivyohivyo mvuani. Sisi tulishakimbilia mahemani, wewe ulikuwa miguuni pake. Aliimba nini?"

Fundi akakuna kidevu. "Nilikuwa nafunika mashine kwa turubai."

"Hata neno moja?"

Basi likasimama Kochkor, kituo cha mwanamke kushuka. Alichukua mfuko wake, lakini hakushuka. Duulat, aliyekuwa upande wa fundi njia nzima, akajikuta naye amemkazia fundi macho, anasubiri jibu.