Mzee Elinami na Meli Iliyokosa pa Kutia Nanga

Baada ya miaka ishirini na sita katika ofisi yetu ya uwakala wa meli hapa barabara ya Huanshi Zhonglu, Guangzhou, Mzee Elinami Mbwambo anastaafu tarehe 30 Juni. Funguo za kabati amesharudisha. Kikombe cha chai amegoma kukirudisha, ingawa ni mali ya ofisi na kina namba.

Alikuja Guangzhou kununua vitambaa katika soko la Zhongda. Huko alijifunza Kichina, na akajua kusifia mzigo mpaka mteja anasahau kuuliza bei. Ulimi huo ndio uliompa kazi kwetu, na ndio uliomponza. Mwaka wake wa tatu, meli ya mafuta ilipata ufa ikahitaji bandari ya kujihifadhi. Yeye akaiambia bandari kuwa ni shida ndogo tu. Wakaguzi wakakuta ufa wa mita mbili, wakaona wamedanganywa, wakaifukuza. Ilivuja huko nje na mafuta yakafika ufukweni. Mzee alichukua likizo yake yote, akaenda kukwangua mawe pamoja na wanakijiji. Hajawahi kulificha jambo hilo. Kila mfanyakazi mpya husimuliwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Tangu hapo, ukurasa wa kwanza wa ombi lake lolote kwa bandari ni mabaya matupu ya meli. Tulimtania kwamba anaombea meli kwa kuitukana. Manahodha hawakuona kichekesho.

Miaka minne iliyopita, meli yenye tani elfu thelathini za mafuta ilipigwa na dhoruba ikapata nyufa mbili. Bandari mbili zilijibu "meiyou", lile neno la sokoni la kusema hakuna. Nahodha akaomba ufa wa pili usitajwe. Mzee akauandika juu kabisa, kwa herufi kubwa. Bandari ya tatu, kwa kuwa ilijua inachokipokea, ilituma tagi, zile boti za kuvuta meli, na maboya ya kuzuia mafuta mapema, kisha ikaielekeza meli kwenye ghuba iliyokingwa na kisiwa.

Ghuba hiyo ina mashamba ya chaza. Mama Lin, mmoja wa wafugaji, alisimama gatini na majirani zake akisema meli hiyo ikafie mbali. Alikuwa na haki, maana mafuta yakimwagika riziki yao imekwisha. Mzee hakumwapia kwamba hayatamwagika. Alimsomea ule ukurasa wote, akamweleza kuwa meli ikivunjika nje, mawimbi yataleta mafuta hapo hapo, na hakutakuwa na boya hata moja la kuyazuia. Kisha akakaa naye gatini siku nne, hadi shehena yote ikahamishiwa meli nyingine. Zilivuja ndoo mbili, zikanaswa ndani ya maboya. Nilikuwepo, na sioni aibu kusema nililia.

Dawati lake sasa linashikwa na Achieng, ambaye mwezi uliopita alimkasirisha nahodha kwa mara ya kwanza, kwa kuandika ubovu wote wa meli yake. Mzee alitabasamu siku nzima.

Wiki hii Mama Lin ametuletea magunia mawili ya chaza kwa ajili ya sherehe. Mzee Elinami, hao wamekulia ghuba ile ile. Asante sana. Nenda nyumbani Same ukapumzike, uwe na maisha mema na afya, na usitupigie simu kila asubuhi kuulizia meli. Au piga tu. Tutapokea.

Jaffari, dawati la usafirishaji