Karatasi Tupu Niliyoisoma kwa Sauti

Bwana asifiwe. Na ninyi ndugu zetu Waislamu mliokuja kwa ajili ya vijana wenu, salaam alaikum. Nashukuru kupewa nafasi. Naona walimu wa michezo mmekaa upande wa dirishani, na wanafunzi wa chuo mmejaa pale mbele na kombe lenu. Hongereni, mmeshinda. Leo michezo inafungwa rasmi, kesho inaanza miezi ya kupumzika. Mimi nimesimama kusema habari ya miezi hiyo. Naomba mtu asiniitikie amina hadi nimalize, maana amina zenu zitanipa moyo wa kupunguza maneno.

Wengi mnanijua kama mzee wa kwaya anayekosea sauti ya tatu. Zamani nilikuwa mwalimu wa gwaride na michezo katika chuo cha ualimu, huko upande wa Kibaha. Nilikuwa na filimbi shingoni, kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na kiburi. Ndugu zangu, nawaambia, kiburi changu kilikuwa kinafika uwanjani kabla yangu. Chuo kimoja kilikuwa kikitushinda mbio ndefu kila mwaka, na mwalimu wao alikuwa na tabia ya kuja kunipa mkono akicheka. Mkono ule ulikuwa ukinikosesha raha mwaka mzima.

Sheria za miezi ya kupumzika zilikuwepo hata wakati ule. Kamati ya michezo ya vyuo ilizichapa, mimi nikatia sahihi, zikabandikwa mlangoni kwangu. Tangu michezo ifungwe hadi masika yaishe, mwalimu asimfanyishe mwanafunzi mazoezi wala asimpime kwa saa uwanjani. Na aliyeugua asirudi mazoezini mpaka dresa wa chuo, yule wa kutibu wagonjwa, amruhusu kwa maandishi. Sababu ilijulikana, kwamba miezi ile homa inawashika vijana, chakula ni kidogo, na mwili unataka kulala. Mimi nilizisoma sheria zile kama mwizi anavyotazama ukuta, nikitafuta pa kupitia.

Nikapaona. Sheria ilikataza mazoezi, haikukataza kumtuma mtu. Na chuoni kwetu wanafunzi walitumwa kila siku, huyu apeleke barua stesheni, yule akaite fundi. Basi nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa Magindu, mrefu, mpole, akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa na mbio ambazo sijaziona tena. Nikaanza kumtuma barua kutoka chuoni hadi Kisarawe kwa njia ya porini, kwa karani mmoja rafiki yangu. Karani akipokea anaandika saa juu ya bahasha, anairudisha kwa lori siku ya pili, nami najifungia ofisini napiga hesabu ya dakika.

Barua mbili za kwanza zilikuwa na maneno, salamu na upuuzi. Baadaye nilichoka kutunga. Nikawa nakunja karatasi tupu, natia ndani ya bahasha, nalamba gundi, nafunga.

Nilimwambia, "Hii ni ya haraka, usitembee."

Akaniuliza mara moja kwa utani, "Mwalimu, hawa watu wa Kisarawe mambo yao hayaishi?"

Nikamwambia, "Wewe peleka tu, mwanangu."

Akaenda mbio. Alijua anatumikia watu, na tena alijiona ameaminiwa.

Ikafika siku ya Alhamisi, asubuhi, mvua imekatika. Nikamwita. Akaja amejitanda blanketi, macho mekundu. Jana yake alikuwa kwa dresa, amepewa kwinini na kuambiwa alale siku nne. Hayo aliniambia mwenyewe, sikuyasikia kwa mtu. Nisiwadanganye hapa mbele ya madhabahu.

Akasema, "Mwalimu, nina homa kidogo. Barua haiwezi kusubiri mpaka Jumatatu?"

Ndugu zangu, nilikuwa nayo mkononi. Karatasi tupu. Niliitazama njia, nikaona imeanza kukauka. Nikawaza kwamba nikipata dakika za siku ya matope nitajua hasa nina nini mkononi.

Nikasema, "Haiwezi."

Akatoa blanketi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti changu.

Wanawake waliokwenda kukata kuni ndio waliomkuta, mbali kidogo na njia, amelala chini ya kichaka kama mtu aliyejipumzisha. Wakamwita, hakuitika. Watu wakambeba kwa kitanda hadi hospitali ya Kisarawe. Mimi nilipata habari Ijumaa mchana nikapanda lori, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika. Muuguzi akaniambia kwamba alizinduka mara moja tu. Aliuliza kama mwalimu amekuja. Kisha akasema, "Mwambieni barua haikulowa." Alikuwa ameiweka ndani ya shati, akaizungushia jani la mgomba.

Muuguzi akaniuliza, "Nikupe uifikishe inakokwenda?"

Nikamwambia aiache tu pamoja na nguo zake. Akanitazama. Barua ya haraka kiasi kile, na mwenyewe haitaki! Akaifunga na nguo.

Mkuu wa chuo, Mzungu mmoja asiyependa makelele, aliniita akauliza kama nilikuwa nikimfanyisha mazoezi. Nikasema hapana, nilimtuma barua. Akauliza kama nilijua anaumwa. Nikasema sikujua. Akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole, akafunga. Hakuna sheria iliyovunjwa. Nilitoka mle ofisini nikahisi mwili umekuwa mwepesi, na wepesi ule ndio unaonitisha mpaka leo kuliko machozi yote niliyolia baadaye.

Baada ya arobaini mama yake alikuja chuoni. Alitembea kutoka Magindu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wake? Alikuwa akikusifu."

Akafungua kitambaa, akatoa ile bahasha. Gundi yangu bado imeshika. Alisema hakutaka mtu wa kijijini aifungue, maana barua ni ya wenyewe, na mwenyewe ni mimi niliyeituma. Yeye hajui kusoma. Alitaka kitu kimoja tu, nimsomee, ajue mwanawe alikuwa amebeba nini.

Mngefanyaje? Hapana, msinijibu. Mimi nitawaambia nilichofanya. Nilichana bahasha, nikaikunjua karatasi nyeupe mbele ya uso wangu, nikasoma. Nilisoma kwa sauti, taratibu, nikiyapeleka macho kutoka mstari hadi mstari, na mistari hakuna. Nikasoma kwamba Kisarawe kuna watoto wagonjwa, dawa inatakiwa upesi, na chuo kinaomba msaada kwa niaba yao. Nilipomaliza, alikuwa analia na anatabasamu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi mwanangu amekufa akiokoa watoto wa watu."

Akaomba arudishiwe. Nikampa.

Uongo ule ulikwenda Magindu ukaota mizizi. Kijiji kizima kilijua habari ya dawa. Kila mwaka mama alinitumia mihogo na salamu. Nilikuwa siwezi kuila, na siwezi kuitupa, ikaoza jikoni mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Nikaanza kunywa tembo, na sikunywa kwa raha. Nikitembea njia yoyote ya porini, mchana kweupe, nilisikia miguu nyuma yangu, miguu mepesi isiyotembea. Nikisimama kumpisha, hapiti. Nilijaribu kuomba, nikaona nasoma karatasi tupu mbele ya Mungu pia. Kazini nilibaki, lakini filimbi niliivua, nikasema kifua kinanisumbua.

Ilipita miaka sita. Siku moja mama akaja tena, amezeeka, ana fimbo. Akatoa kitambaa kilekile.

"Mwalimu, naona aibu kukusumbua. Yale maneno yananitoka. Jana nilikuwa nikiwasimulia wajukuu nikakwama. Nisomee tena."

Nikaikunjua. Imekuwa na rangi ya chai. Na hapo, ndugu zangu, nikagundua kwamba hata mimi sikumbuki. Nilisema watoto wangapi? Nilitaja dawa gani? Yeye aliyatunza maneno yangu miaka sita kama mali, na mimi niliyeyatunga sikuweka hata moja. Niliinua macho nikamtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa kando, tayari kusikiliza.

Nikasema, "Mama, hapa hakuna neno. Halikuwapo hata siku ile."

Nikamweleza yote, mbio, saa, karani. Nilipomaliza akauliza, "Alikuambia anaumwa?"

"Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

Nikamjibu nilichomjibu mwanawe. Akachukua karatasi mikononi mwangu, akaifunga kitambaani, akaondoka bila kuaga. Nilimtazama akienda na fimbo yake, nikajua kwamba nimemfisha mwanawe mara ya pili.

Juma lile nilikwenda kwa mkuu wa chuo, nikaandika yote na kutia sahihi. Nikaachishwa kazi, na haki yao. Kamati ikaongeza mstari ambao ninyi walimu mnaulalamikia, kwamba katika miezi ya kupumzika mwalimu wa michezo asimtume mwanariadha mahali popote. Mnasema ni mstari wa kijinga. Mimi ndiye mjinga ulioandikwa kwa ajili yake.

Kisha nikaenda Magindu. Nilikaa uani kwake tangu asubuhi, hakutoka. Nikarudi mwezi uliofuata, na mwingine. Mara ya nne akatoka, akasimama mlangoni.

Akasema, "Kukusamehe sijaweza, usinihimize. Lakini wajukuu nimewaambia kweli. Wewe nawe kaseme. Uongo uliusoma kwa sauti, na hii iseme kwa sauti, mbele ya walimu, kila mwaka wakifunga michezo. Ila jina lake usilitaje. Jina lake ni langu."

Ndiyo maana nimesimama hapa, baada ya vyuo vingine miaka iliyopita, na ndiyo maana jina lake hamjalisikia.

Namshukuru mke wangu, aliyenitoa kwenye tembo bila kunitangaza. Namshukuru mchungaji, ambaye nilipomwambia nimetubu aliniuliza, "Umetubu kwa nani?", akanirudisha njiani kwenda Magindu. Namshukuru yule mama kuliko wote, kwa kunipa kazi aliponinyima msamaha. Ile miguu bado naisikia, lakini siku hizi sikimbii.

Walimu wenzangu, sheria mliyoitilia sahihi, kuna mwili wa mtu nyuma yake. Ukijiona unaitafutia mlango, mwite mtu akushike. Na ninyi vijana, mmenipigia makofi nilipoingia kwa sababu mmeambiwa nilikuwa mwalimu hodari. Leo mama zenu watawauliza mmefundishwa nini kanisani. Mwambieni mlimsikia mtu aliyemuua mwanafunzi wake, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Sasa semeni amina, kama mnaweza.