Kichupa cha Maji Matupu

Mama mmoja alipanda basi akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, nami nikadhani jino linamsumbua. Mpishi wa shule aliyekaa naye, aproni bado kiunoni, akamuuliza, "Pole, dada. Ni jino?"

"Bora lingekuwa jino." Alieleza kwa sauti ya chini, ila sisi wa siti ya nyuma tulisikia vizuri, maana tulinyamaza makusudi. Anasomea sayansi ya molekuli za viumbe katika chuo cha jamii, darasa moja na vijana wa umri wa kitinda mimba wake. Leo walikuwa wanapima vinasaba vya binadamu. Kichupa kimoja huwekwa maji matupu, kisionyeshe kitu, ndipo ijulikane vingine havijachafuliwa. Cha kwake kilionyesha vinasaba vya mtu. "Mwalimu akatuonyesha kwenye skrini, akauliza nani alikuwa anapiga domo juu ya vichupa. Mate yangu, dada! Kazi ya darasa zima ikamwagwa."

"Mimi naongea juu ya sufuria kutwa, na watu wanaomba nyongeza," alisema mpishi. Niliwaonea huruma wanafunzi anaowapikia.

"Binti mmoja alinisogezea barakoa bila kusema neno. Heri angenitukana. Sirudi tena."

"Uache chuo kwa sababu ya mate? Kwani wao hawana?"

"Ya kwao hayakuonekana kwenye skrini."

Basi likasimama. "Sasa kesho unaenda au huendi?" mpishi akambana.

Yule mama akafumbua mdomo ajibu, akatuona tumetega masikio, akaufunika tena kwa kiganja, akashuka.