Harm Wiersema, Mlamba Mawe Wetu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bwana Harm Wiersema anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya ujiolojia kwenye gesi ya mkoa wetu wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Safari hii ni kweli. Tumeshamnunulia keki ya kuagwa mara mbili, na mara mbili akaila, akashukuru, na Jumatatu akarudi kazini.

Sababu ni mawe. Ghalani kwetu kuna vipande virefu vya mwamba vilivyochorongwa kilomita tatu chini ya mashamba ya viazi: mchanga wa jangwa la kale ulioshikana ukawa jiwe, na juu yake chumvi iliyoifunika gesi kama kifuniko cha sufuria. Visima vilipofungwa, uongozi uliamua ghala livunjwe na mawe yakatupwe. Harm akasema hatoki mpaka ajue yanakwenda wapi.

Kufanya naye kazi kunachosha, tuseme ukweli. Kila jiwe lazima alilambe, kama mtoto anayeota meno. Mate yakizama papo hapo, jiwe lina vitundu na gesi ilikaa humo. Yakibaki yanang'aa juu, limefungamana. Sisi tunaoandika lebo za mawe tunabaki kufuta na kuandika upya kufuata ulimi wake. Hata wakaguzi wenye suti walilambishwa; kahawa hawakupewa mpaka walambe.

Mwezi Machi mkurugenzi, Bi Anneke Poelstra, aliishiwa subira. Alimwambia gesi haichimbwi tena, kung'ang'ania mawe ni ukaidi tu. Harm akamwekea kipande mezani.

"Tulitoa gesi, mchanga ukabanana, ardhi ikatetemeka. Nyumba ya Geesje hapo jirani imeshikizwa kwa magogo. Akija kuuliza huko chini kulitokea nini, utamwonyesha nini, Anneke?"

Bi Anneke akamrudishia kile kipande.

"Haya, mawe yabaki. Lakini wewe, Harm, nakuomba, nenda nyumbani."

Tumeyahamishia kwenye bohari kavu, migongo ikituuma. Jumanne Harm alipita rafu kwa rafu, mikono nyuma, kisha akasema, "Ingeweza kuwa mbaya zaidi." Wafanyakazi waliotoka mikoa mingine walinuna. Sisi wa Groningen, ambao kwetu hiyo ndiyo sifa kuu, tulitazamana tu; kuna wake hapa hawajaambiwa hivyo hata siku ya harusi.

Harm, ahsante kwa ukaidi wako. Endesha baiskeli na mkeo Trijntje, lala mchana, uzeeke kwa afya na raha. Na kuhusu miaka yote uliyokaa nasi, tunasema kwa moyo mmoja: ingeweza kuwa mbaya zaidi.