Daktari Mbeyu Fondo na Umio wa Mbuzi

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba dawa ikishapita ulimi imekwisha fika tumboni. Daktari Mbeyu Fondo, aliyeitumikia hospitali yetu tangu Machi 1973 na anayestaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai 1998, ametumia sehemu kubwa ya miaka hiyo ishirini na mitano kutueleza kwamba sivyo. Tulimsikiliza kwa adabu, kisha tukaenda kunywa chai.

Alitujia kutoka Kaloleni akiwa daktari kijana mwenye imani mbili za ajabu: kwamba mgonjwa akiulizwa swali atajibu, na kwamba daktari mkubwa akionyeshwa ushahidi atautazama. Hii ya pili tulimponya mapema. Ya kwanza haijapata dawa mpaka leo.

Kwa haki, tutaje na makosa yake. Kwa miaka kadhaa aliona kwamba kila Ramadhani ikimalizika, Mji wa Kale ulituletea watu wasioweza kumeza hata uji, wameshika vifua wakilalamika moto. Hitimisho lake la kitaalamu lilikuwa pilipili. Akapiga marufuku achari, bajia na viazi karai. Inasemekana wauza mihogo wa ufukwe wa Mama Ngina walikuwa wakimwona kwa mbali wanafunika pilipili zao kwa magazeti. Watu wakaacha achari. Vifua havikuacha kuuma.

Mwaka 1993 akaja Bi Mwanarusi, mpishi wa biriani za harusi. Mwanzo wa Ramadhani tulimpa kapsuli za kifua, zile zenye dawa mbili za kuua bakteria ndani ya ganda moja, fahari ya dirisha letu la dawa wakati huo. Kifua kikapona. Baada ya Idi hakuweza kumeza kitu ila maziwa. Picha ikaonyesha njia ya chakula imebana, na daktari mpasuaji, mtu asiyependa kupoteza wakati kwa maswali, akaiona saratani pale pale. Akampangia kupasuliwa kifua Jumanne. Watoto wa Bi Mwanarusi wakaanza kuwapigia simu jamaa wa Lamu, kwa sauti ile ambayo watu huitumia kuarifu msiba.

Daktari Mbeyu alimuuliza bibi huyo swali ambalo sisi wengine tuliliona halistahili cheo chetu: dawa aliimezaje?

"Nimeimeza, mwanangu! Kwani ulitaka niitafune?"

Akaombwa aonyeshe. Bi Mwanarusi akaeleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha mjinga, kwamba wakati wa daku maji hunywewa kwanza. Dawa huwa ya mwisho kabisa, kavu, ili maji yasiisombe, ikae na mfungaji mchana kutwa. Na kwa kuwa mchana hapana kumeza, humezwa mbili kwa pamoja. Kisha akaigiza: akapeleka vidole vitupu mdomoni, akameza mate, akapanda kitanda cha wagonjwa, akalala chali na kujifunika leso gubigubi.

"Hivi," akasema chini ya leso. "Mtaa mzima twafanya hivi. Wewe ulisomea wapi?"

Na sisi, wasomi, tulikuwa tumeandika nini kwenye bahasha ya dawa? "Moja mara nne." Maelezo yaliyokamilika, kama mnavyoona.

Jambo lenyewe si gumu. Umio ni mrija unaopeleka chakula tumboni, na ukuta wake una ute. Kapsuli kavu, hasa kwa mtu aliyelala, huweza kunata pale, ikayeyuka na kuchoma. Kidonda kikivimba, njia hubana. Daktari Mbeyu alimweleza mpasuaji haya yote, akamwomba aahirishe Jumanne ili bibi atazamwe kwanza kwa mrija wenye taa.

"Kwa hivyo, Daktari," akajibiwa, "saratani siku hizi twaitibu kwa gilasi ya maji?"

Chumba kizima kilicheka. Yeye akaenda soko la Marikiti kununua umio wa mbuzi.

"Huu nao mwaupikaje, Daktari?" Ngowa muuza nyama alimuuliza.

"Huu ni wa kuwalisha madaktari," akamjibu.

Asubuhi iliyofuata aliutundika dirishani mwa chumba chetu cha chai, akatia kapsuli. Ikanasa. Akautikisa. Ikang'ang'ania. Akamimina gilasi ya maji, nayo kapsuli ikateleza ikadondoka karibu na kiatu cha mpasuaji. Hakuna aliyemaliza mkate wake. Jumanne ikaahirishwa, kwa kichefuchefu, nadhani, zaidi kuliko kwa sayansi.

Mrija wenye taa ulionyesha vidonda viwili vikitazamana. Kinyama kilichokatwa kikapimwa, hakikuwa na saratani. Bi Mwanarusi akatibiwa vidonda vyake kifua kikiwa kizima, na mwezi wa Juni alipika harusi ya mwenye duka mmoja wa Biashara Street, akionja kila sufuria kwa mkono wake mwenyewe.

Daktari Mbeyu akaendelea kukusanya wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 1995 akausoma utafiti wake mbele ya mkutano wa madaktari. Kulikuwa na swali moja: chakula cha mchana ni saa ngapi? Hata hivyo leo bahasha zetu zinasema "kwa gilasi nzima ya maji, ukiwa umekaa." Mabadiliko hayo yalichukua miaka minne tangu siku ya umio wa mbuzi, kwa kuwa kamati ilihitaji muda wa kuyatafakari maji. Na baada ya Idi ya mwaka huu, wodi yetu haikupokea hata mgonjwa mmoja wa umio kutoka Mji wa Kale. Kamati imejipongeza.

Ahsante, Daktari. Umetuchosha kwa maswali, na wako watu wanaokula leo kwa sababu hukuchoka wewe. Nenda Kaloleni kwa heri. Mungu akupe afya, usingizi mwema na majirani wenye subira.

Nawe unayesoma haya: leo ukifika nyumbani, mwambie mama yako akuonyeshe anavyomeza dawa zake.